Volyumu Sabini za Herufi A: Kisa cha Karakana ya Vidhibiti vya Kuzungusha mjini Kampala

Kisa hiki kinahusu watu wawili waliotengeneza na kuuza vidhibiti vya kuzungusha, yaani vifaa vya mkononi ambavyo mchezaji huzungusha kishikio chake ili kusogeza kitu kwenye kioo, kwa ajili ya mashine za zamani za michezo ya video. Majina yao, mtaa wa karakana na utambulisho wa wateja vimeondolewa. Kiasi cha fedha kimesogezwa kidogo huku uwiano ukiachwa kama ulivyokuwa. Niliwafahamu kwa sababu nilikuwa nikiwaandikia mahesabu, na sehemu kubwa ya ninayoyaeleza niliyaona mwenyewe mezani kwao.

Usuli

Wa kwanza ni fundi wa redio na vikuza sauti mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, mzaliwa wa upande wa Arua, ambaye nitamwita Mzee kwa kuwa kila mtu karakanani humwita hivyo. Wa pili ni binti aliyesomea uhandisi wa umeme, aliyekulia Busia mpakani, na Mzee humwita Dada. Lugha yao ya kazi ni Kiswahili, kwa maana Mzee alikizoea tangu utoto huko West Nile na Dada alikinyonya katika biashara ya mpakani. Kiluganda wanakitumia wanapotoka nje kununua vitu.

Kazi ilianza kwa mmiliki wa mkahawa mmoja jijini, aliyekuwa na mashine ya Atari 2600 iliyounganishwa na televisheni ya kioo kinene kwa ajili ya wateja wa jioni. Alileta jozi ya vidhibiti vyake vya kuzungusha akilalamika kwamba katika mchezo wa Kaboom!, wa kampuni ya Activision wa mwaka 1981, ndoo ambazo mchezaji huzisogeza zinatetemeka hata mkono ukitulia. Mzee alizifungua, akaona ndani kitu alichokishika maisha yake yote, yaani volyumu, ile ile inayopandisha na kushusha sauti ya redio. Akaisafisha, ikakaa wiki mbili, ikaanza tena. Hapo akatafuta katika makopo yake volyumu za zamani ambazo hazijawahi kutumika, akazibadilisha, na kwa kuwa plastiki ya nje ilikuwa imepasuka, akaunda kasha jipya la mti wa mugavu kutoka kwa wauza mbao wa Ndeeba.

Mmiliki alifurahi mno. Aliagiza jozi nyingine tatu, akazipiga picha na kuwatumia wakusanyaji wenzake wa mashine za zamani, baadhi yao Nairobi na wengine Ulaya. Katika muda usiozidi mwezi, maombi ya jozi thelathini yalikuwa yamefika.

Kifaa kinavyofanya kazi

Msomaji anahitaji kuelewa jambo hili kidogo, la sivyo kosa lililofuata litaonekana la kipuuzi, nalo halikuwa la kipuuzi.

Mashine ya Atari 2600, iliyoingia sokoni mwaka 1977, haina njia ya moja kwa moja ya kujua kishikio kimezungushwa hadi wapi. Inachofanya ni kuondoa chaji yote katika kapasita ndogo, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, kisha kuiacha ijae tena kupitia volyumu iliyomo katika kidhibiti, huku programu ya mchezo ikihesabu mistari ya picha inayochorwa kwenye kioo mpaka kapasita ifike kiwango fulani. Ukinzani, yaani kiasi volyumu inavyozuia umeme, ukiwa mdogo, kapasita hujaa mapema na hesabu huwa ndogo. Ukinzani ukiwa mkubwa, hesabu hurefuka. Volyumu inayotakiwa ni ya ohmu milioni moja, na ukinzani wake lazima upande sawasawa na pembe ya mzunguko: ukifika nusu ya mzunguko, ukinzani uwe takriban nusu, yaani laki tano.

Volyumu nyingi za sauti hazipandi hivyo. Sikio la binadamu halihisi nguvu ya sauti kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo volyumu ya redio hutengenezwa ipande polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Katikati ya mzunguko wake huenda ukakuta asilimia kumi hadi ishirini tu ya ukinzani wote. Kwa nje aina hizi mbili zinafanana kabisa, na kinachozitofautisha ni herufi iliyogongwa mgongoni.

Vidhibiti viwili hutumia plagi moja ya pini tisa. Pini ya 9 na ya 5 hubeba volyumu mbili, ya 3 na ya 4 hubeba vitufe viwili, ya 7 huleta volti tano na ya 8 ni ya kurudisha umeme, hivyo waya unaohitajika ni wa nyuzi sita. Mzee alikuwa na shehena ya nyaya za vipanya vya kompyuta vya zamani vyenye plagi hiyo hiyo, akadhani amepata bahati, kumbe nyaya hizo huwa na nyuzi nne au tano tu. Hilo waligundua siku ya kwanza na halikuwagharimu chochote zaidi ya asubuhi moja.

Mlolongo wa matukio

Mwezi Machi walipokea arbuni ya nusu bei kwa jozi zote thelathini. Bei ilikuwa shilingi 150,000 kwa jozi, kwa hiyo mkononi waliingia shilingi 2,250,000, nyingi kupitia simu. Siku chache baadaye Mzee alikwenda Ndeeba kununua mbao na Dada akaenda Katwe, kwa mafundi wanaosubu sufuria kutokana na aluminiamu chakavu, akawapa kishikio kimoja cha zile jozi za mwanzo kama kielelezo. Walimsubia sitini na minne, kisha mkerezaji wa jirani yao akavitoboa na kuvisawazisha. Vilikuwa vizuri na vizito kuliko vya plastiki, na uzito huo mteja huupenda kwa sababu mzunguko wa kishikio haukatiki ghafla mkononi.

Volyumu za zamani za Mzee zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo iliwabidi waagize sabini kutoka China. Orodha ya muuzaji ilikuwa na aina mbili, A1M na B1M. Dada alisita. Aliniambia baadaye kwamba chuoni alikuwa amesoma kuwa A ni ya sauti na B ndiyo ya mstari. Alimuuliza Mzee mara moja tu.

Mzee alimjibu, "Dada, A ni mstari. Hizi nimezibadilisha kabla hujazaliwa."

Dada akanyamaza, agizo likaenda na herufi A.

Volyumu zilipofika mwishoni mwa Aprili, tatizo la kwanza lilionekana papo hapo na likavuta macho yote. Vishikio vilicheza. Zile volyumu za zamani zilikuwa na shafti ya robo inchi, yaani milimita 6.35, na Katwe walitoboa kwa kipimo hicho. Hizi mpya zilikuwa na shafti ya milimita 6. Tofauti ya theluthi moja ya milimita haionekani kwa macho, lakini kwenye vidole inahisiwa kama jino linalotikisika. Mzee alikata vipande vyembamba vya kopo la soda, akavizungushia shafti, kishikio kikakaza. Nilivutiwa na wepesi wa mikono yake, na nadhani sote tulivutiwa kiasi cha kusahau kuuliza swali jingine lolote kuhusu volyumu hizo.

Kila volyumu ilipimwa kwa multimita kabla ya kulehemiwa. Kipimo kilikuwa hivi: zungusha mpaka mwanzo, soma, iwe karibu na sifuri, zungusha mpaka mwisho, soma, iwe karibu na milioni. Zote zilifaulu. Mashine ya Atari yenyewe haikuwepo karakanani, kwa kuwa mmiliki wa mkahawa alikuwa amekwisha kuichukua.

Jozi ishirini na mbili zilikuwa tayari zimefungwa, zimepigwa msasa na kupakwa vanishi, Dada alipochukua mbili kwenda mkahawani kuzipiga picha zikiwa zinatumika. Alizichomeka. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko ndoo zilijikokota sehemu ndogo tu ya kioo, kisha mkono ulipopita katikati, zikaruka hadi ukingo wa pili kwa mguso mdogo wa kidole. Hapakuwa na mtu angeweza kucheza hivyo. Dada alikaa kidogo, akaomba multimita kwa simu, na bodaboda akaileta. Alipoweka kishikio katikati, mita ilisoma elfu mia moja na arobaini na kitu.

Maamuzi na sababu zake

Jioni ile Mzee alipendekeza kubadilisha miguu miwili ya pembeni ya volyumu, kwa hoja kwamba mkunjo utageuka. Walijaribu kwenye jozi moja. Mkunjo uligeuka kweli, ila kasi ilihamia mwanzo na ukokotaji ukaenda mwisho. Wazo lilikuwa na akili, na jaribio lilichukua dakika kumi, kwa hiyo siliweki katika hesabu ya makosa.

Walibaki na njia tatu: kuwatumia wateja vifaa vilivyo na kuwaombea wazoee, kurudisha fedha zote, au kuagiza upya. Njia ya kwanza Mzee aliikataa kabla sijamaliza kuitaja. Ya pili haikuwezekana, kwa sababu ya arbuni walikuwa wametumia shilingi 2,000,000 kwa mbao, usubu, plagi na volyumu, na zilizobaki ni 250,000. Waliamua kuagiza B1M, gharama yake pamoja na usafiri na kodi ikiwa 400,000, na upungufu Mzee aliufidia kwa kazi za vikuza sauti vya makanisa mawili.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kuwaandikia wateja wote siku hiyo hiyo. Barua aliiandika Dada. Ilieleza kosa kwa jina lake, ikaambatanisha picha ya mita ikisoma katikati ya mzunguko, ikataja ucheleweshaji wa wiki sita na kumpa kila mmoja nafasi ya kurudishiwa fedha. Wanne walichukua fedha zao, shilingi 300,000 kwa jumla.

Uamuzi wa tatu ulitokana na majibu ya barua hiyo, na hapa ndipo kisa kinapopata sura ambayo hakuna aliyeitarajia. Wateja watatu, katika kujibu, walitaja kwa bahati tu kwamba wanangoja vidhibiti kwa ajili ya Commodore 64. Plagi ya mashine hiyo ya mwaka 1982 ni ile ile ya pini tisa, na tangazo la karakana lilikuwa limesema vifaa vinafaa "mashine zote za plagi ya pini tisa." Sentensi hiyo niliisaidia kuiandika mimi. Lakini vidhibiti vya Commodore ni vya ohmu 470,000, na ukiipa mashine hiyo kidhibiti cha milioni moja, picha hufika mwisho wa safari yake mkono ukiwa nusu ya mzunguko. Iwapo kosa la herufi lisingetokea, jozi hizo tatu zingefika Ulaya zikiwa na kasoro ambayo karakana isingeijua mpaka malalamiko yarudi. Waliongeza katika agizo volyumu kumi za B500K, ambazo ni rahisi kuzipata na ziko karibu vya kutosha.

Kwa vile kila kasha lililazimika kufunguliwa, waliamua pia kurudisha vishikio Katwe viyeyushwe na kusubiwa upya kwa shafti ya milimita 6, kwa gharama ya 180,000. Mimi nilipinga. Vipande vya kopo vilikuwa vinashika, na fedha zilikuwa zinakwisha. Mzee alichukua jozi iliyofungwa tangu wiki tatu, akazungusha kishikio mara mbili kwa nguvu kama anavyofanya mtoto anayecheza, kikacheza tena. Sikuongeza neno.

Matokeo

Jozi ishirini na sita zilitumwa kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai. Baadhi ya makasha ya mwanzo yalikuwa yamepinda kifuniko, kwa kuwa mbao zilinunuliwa na kukatwa katika mvua za masika bila kukaushwa vya kutosha, na hayo yalichongwa tena. Mapato yalikuwa shilingi 3,900,000 na matumizi 2,580,000. Baki ya 1,320,000 iligawanywa kwa wawili kwa miezi minne ya kazi, ikawa ni shilingi 165,000 kwa kila mtu kwa mwezi, kiasi ambacho Mzee alikipata kwa urahisi zaidi katika ukarabati. Kufikia mwezi wa Agosti hakuna jozi iliyokuwa imerudishwa.

Jambo jingine lililotokana na barua ni ombi la wateja wawili waliotaka kidhibiti cha kompyuta, kisicho na mwisho wa mzunguko, kwa michezo kama Tempest ya mwaka 1981. Volyumu haiwezi kazi hiyo, kwa kuwa ina mwanzo na mwisho. Dada alitumia enkoda ya mwanga, yaani kifaa kinachogeuza mzunguko kuwa mapigo ya umeme, yenye mapigo 600 kwa mzunguko, akaiunganisha na bodi ndogo ya kielektroniki yenye chipu ya ATmega32U4, na kompyuta ikaitambua kama kipanya. Kwa kusoma pande zote mbili za mapigo ya njia mbili, mzunguko mmoja hutoa hatua 2,400. Enkoda hizo huja na grisi nzito kwenye beringi, nazo huzunguka kama zimezama katika asali. Mzee alizifungua, akaosha grisi, akaweka tone la mafuta mepesi, na kishikio kizito cha Katwe kikawa kinajizungusha chenyewe kwa muda baada ya kuachiwa. Bidhaa hiyo ndiyo inayouzwa sasa zaidi.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema Mzee alikosea herufi. Lakini herufi hizo hazina kanuni moja duniani. Volyumu za Asia na Marekani kwa kawaida hutumia A kwa ile ya sauti na B kwa ile ya mstari, ilhali nyingi za Ulaya za zamani zilitumia A kwa mstari. Mzee alijifunza kazi kwa redio za Ulaya na vitabu vilivyokuja nazo, hivyo kanuni yake ilikuwa sahihi mahali ilikotoka. Dada naye alikuwa sahihi mahali alikosomea. Wote wawili walikuwa na ujuzi, na volyumu moja ya kujaribu ingewapatanisha kwa gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda Katwe. Kuagiza sabini kabla ya kuishika moja ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, na lilizaa pia lile la shafti.

Kipimo cha multimita kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Kilifanywa kwa uangalifu na kwa kila kipande, na hakikuweza hata kidogo kugundua kasoro iliyokuwepo, kwa sababu volyumu za aina zote mbili hukubaliana mwanzoni na mwishoni na hutofautiana katikati tu. Mzee alipima hivyo kwa sababu katika ukarabati wa redio ndivyo inavyotosha: volyumu iliyoharibika huwa imekatika, na iliyokatika hujulikana kwenye ncha. Alihamisha kipimo cha kutafuta kifaa kibovu akakitumia kutafuta kifaa kisichofaa, nazo ni kazi mbili tofauti.

Kuhusu ukimya wa Dada, sitaki kuufanya hadithi ya vijana na wazee. Mtu aliyelelewa vizuri hamrudii mzee swali alilokwisha kujibu, hasa mbele ya mtu mwingine, na mimi nilikuwepo. Karakana ilikosa mahali ambapo shaka ingewekwa bila kumvunjia mtu heshima. Niliwahi kupendekeza kwamba kila agizo lisainiwe na wote wawili, wakakataa, na nadhani walikuwa na haki, kwa maana Dada angesaini tu.

Kilichofanya kazi vizuri ni barua. Iliokoa wateja ishirini na sita, na kwa kuwa ilieleza namna kifaa kinavyofanya kazi, iliwafanya wasomaji wake waangalie mashine zao na kutaja mambo ambayo fomu ya agizo haikuwa imewauliza. Fomu ile iliuliza rangi ya mbao na anwani. Swali la "utakichomeka kwenye mashine gani?" halikuwemo. Sasa ni la kwanza, na tangazo linataja mashine mbili kwa majina na kukaa kimya kuhusu nyingine zote.

Katika fedha, arbuni ilitumika kwa mpangilio uliopinduka. Walinunua kwanza vitu wanavyovijua na vinavyopatikana mjini, mbao na aluminiamu, wakaacha mwisho sehemu pekee inayotoka mbali na inayoamua vipimo vya vingine vyote. Mtu akiwa na hamu huanza na anachokipenda, na Mzee anapenda mbao. Mahesabu yangu nayo hayakuwa na mstari wa kazi ya mikono, kwa hiyo bei ya 150,000 ilionekana ina faida nono mpaka tulipoigawanya kwa miezi.

Siku hizi ukutani juu ya meza kuna kipande cha kadi chenye safu tano, mwanzo, robo, nusu, robo tatu na mwisho, na kila furushi jipya la volyumu lina mstari wake. Mzee ndiye anayezungusha na kusoma mita kwa sauti. Dada ndiye anayeandika. Wiki iliyopita nilikuta ameandika nusu ikiwa laki nne na elfu sitini, kalamu ikiwa bado mkononi, na Mzee amekwisha kuitoa ile volyumu pembeni kabla hajaulizwa.